Slaidi za Maktaba Ndogo Ziwekwe Wapi: SlideShare, Google Slides, Speaker Deck au Internet Archive?

Kila Januari, mwaka mpya wa masomo unapofunguliwa, wanafunzi wa Kidato cha Kwanza huletwa kwa makundi katika maktaba ndogo ninayoihudumia, na somo lao la kwanza ni namna ya kutafuta kitabu: namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu inasema nini, kwa nini hisabati inakaa kwenye 510 na historia ya Afrika kwenye 960, na kwa nini kitabu kilichokwisha kusomwa kiachwe mezani badala ya kurudishwa rafuni na mtu asiyeujua mpangilio. Somo hilo lina slaidi 18. Wanaoliona siku hiyo ni wachache kuliko wanaolihitaji, kwa sababu wapo waliochelewa kuripoti shuleni, wapo walimu wanaopenda kulirudia darasani, na wapo wakutubi wa shule jirani wanaofundisha jambo lilelile bila kuwa na kitu cha kuonyesha. Ndiyo maana slaidi hizo zinapaswa kuwekwa mtandaoni.

Mahali pa kuziweka huchaguliwa mara nyingi kwa kuangalia ni wapi zitapendeza zaidi. Maktaba yenye mtumishi mmoja au wawili, kompyuta moja ya ofisini na intaneti inayolipiwa kwa bando haina budi kuanza na maswali mengine. Msomaji atatumia megabaiti ngapi kuziona slaidi hizi kwenye simu yake? Je, atadaiwa kufungua akaunti kwanza? Tukigundua kosa baada ya kiungo kubandikwa ukutani, tunaweza kulisahihisha bila kukibadilisha kiungo chenyewe? Na siku mkutubi atakapohamishwa, au huduma yenyewe itakapofungwa, nakala ya asili itabaki mikononi mwa nani?

Nimezipima huduma nne kwa maswali hayo, kila mara nikitumia slaidi zilezile za Kidato cha Kwanza. Hukumu yangu naitanguliza, kwa faida ya msomaji aliyebanwa na kazi: slaidi ambazo bado zinarekebishwa zikae Google Slides, zilizokamilika zihifadhiwe Internet Archive kama faili la PDF, SlideShare itumike pale tu maktaba inapotafuta wasomaji wa mbali isiowajua, na Speaker Deck, ingawa ni safi, ni ya watu wenye mahitaji tofauti na yetu. Sababu zake hazilingani kwa uzito, kwa hiyo sitazipa nafasi sawa.

SlideShare na Google Slides

Hizi mbili ndizo zinazotajwa kwanza, na mara nyingi hulinganishwa kana kwamba zinafanya kazi moja. SlideShare ni mahali pa kuonyeshea kazi iliyokwisha, ambapo unaandaa slaidi zako kwenye kompyuta, unazipakia, nayo inazionyesha kwa umma. Google Slides ni mahali pa kufanyia kazi yenyewe, kwa maana kwamba slaidi zinaandikwa humo humo, zinarekebishwa humo, na anayepewa kiungo anaona hali ya sasa ya faili, hata kama ulibadilisha neno dakika tano zilizopita.

Tofauti hiyo inaonekana mara moja kosa linapotokea. Katika slaidi ya tisa niliwahi kuandika kwamba lugha ziko kwenye 300, ilhali ziko kwenye 400. Kwenye Google Slides nilifungua faili, nikabadilisha tarakimu moja, na kila mwalimu aliyekuwa na kiungo akaona sahihisho bila kuarifiwa. Kwenye SlideShare kilichopakiwa ni nakala iliyoganda, na njia niliyoifuata ilikuwa kuifuta na kupakia upya, jambo lililozaa kiungo kipya huku kile cha zamani, ambacho kilikuwa kimesambaa katika makundi ya WhatsApp ya walimu, kikibaki hakielekei popote. Kwa maktaba ambayo saa za kufungua, ada ya uanachama na mpangilio wa rafu hubadilika, hiyo si hasara ndogo.

SlideShare inastahili sifa yake ya kweli nayo. Huduma hiyo ilianza Oktoba 2006, na kwa muda wote huo imejikusanyia mawasilisho mengi mno ya walimu, wahadhiri na wakutubi wa nchi nyingi, kiasi kwamba mtu anayetafuta mada kwenye injini ya utafutaji huangukia huko bila kukusudia. Maandishi yaliyomo ndani ya slaidi hutolewa na kuwekwa kwenye ukurasa, hivyo yanaweza kutafutwa. Mwalimu aliye mbali, asiyejua kwamba maktaba yetu ipo, anaweza kuandika maneno ya Kiswahili kuhusu kutafuta kitabu maktabani akatukuta. Faili la Google Slides lenye kiungo cha kushirikisha halipatikani kwa njia hiyo kwa urahisi, kwa sababu linamfikia aliyetumiwa kiungo. Anayetaka kuonekana zaidi anaweza kulichapisha kwenye wavuti kupitia menyu ya faili, lakini hata hapo hakuna mkusanyiko wa mada zinazofanana unaomwongoza mgeni kutoka wasilisho moja hadi jingine.

Gharama ya kuonekana huko anailipa msomaji. Kurasa za SlideShare zina matangazo ya biashara, nayo matangazo yanakula bando la mwanafunzi kabla hajaiona slaidi ya kwanza. Anayetaka kupakua faili huombwa kufungua akaunti. Kwa mtu mzima mwenye barua pepe hilo ni usumbufu mdogo, ila kwa mtoto wa miaka 14 anayetumia simu ya mzazi wake ni mlango uliofungwa. Mimi naona pia kwamba si vizuri maktaba ya umma, ambayo haidai jina la mtu anayeingia kusoma gazeti, iwapeleke wasomaji wake mahali wanapodaiwa majina na anwani ili wapate karatasi ya mafunzo.

Kisha kuna suala la wenye nyumba. SlideShare ilinunuliwa na LinkedIn mwaka 2012, na tangu Septemba 2020 inaendeshwa na Scribd. Kila mwenye nyumba mpya huja na masharti yake, na zana zilizokuwepo huweza kuondolewa. Zamani iliwezekana kuunganisha sauti ya msemaji na slaidi, lakini uwezo huo uliondolewa mwaka 2014. Silisemi hili kuilaumu kampuni, kwa kuwa biashara ina haki ya kubadilika. Nalisema kwa sababu maktaba huweka vitu kwa makusudio ya kuvikuta miaka kumi baadaye, na makusudio hayo hayamo katika mkataba wa huduma yoyote ya bure.

Google nayo haijaepukana na jambo hilo. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, inayogawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili yote ya akaunti moja, na tangu Juni 2021 slaidi mpya zinahesabiwa ndani yake. Zaidi ya hapo, tangu Desemba 2023 akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Maktaba inayofungwa kwa ukarabati, au inayokaa bila mkutubi kwa muda mrefu, inaweza kurudi na kukuta kazi yake yote imeondoka.

Kuna mambo mawili ya Google Slides ambayo ningependa kila mkutubi ayajue, kwa sababu hayaonekani kwenye menyu au hayaangaliwi kabisa. La kwanza ni kwamba kiungo cha kushirikisha kinaweza kumfungulia msomaji faili la PDF moja kwa moja. Mwishoni mwa anwani ondoa neno «edit» na yote yanayolifuata, uweke badala yake «export/pdf», na anayekibonyeza atapakua faili bila kupitia ukurasa mzito wa kuhariri. Kwa mwenye simu ya bei nafuu hiyo ni nafuu kubwa. La pili ni maelezo ya msemaji, yale maandishi ya chini tunayojiandikia wenyewe. Anayefungua faili kwa ruhusa ya kutazama anaweza kuyaona. Kama umejiandikia humo majina ya wanafunzi wasiorudisha vitabu, yafute kabla ya kutoa kiungo.

Speaker Deck

Speaker Deck inapokea faili la PDF tu, na kwa hilo naisifu, kwa kuwa slaidi zinabaki kama ulivyoziandaa, herufi hazihami na majedwali hayavunjiki kama inavyotokea wakati mwingine faili la PowerPoint linapogeuzwa na mtambo wa mbali. Ukurasa wake ni mtulivu na slaidi inachukua nafasi kubwa. Ilianzishwa kwa ajili ya wasemaji wa mikutano, na wengi wanaoitumia ni waandishi wa programu za kompyuta. Mwanafunzi anayetafuta mambo ya maktaba kwa Kiswahili hapiti huko, na mkutubi hatapata huko wenzake. Mkutubi anayekwenda kuzungumza kwenye mkutano wa kitaaluma na kutaka kuacha kiungo kimoja kizuri kwa wasikilizaji ataridhika nayo. Kwa matumizi ya kila siku sioni inachotuongezea.

Internet Archive, ambayo wengi hawaifikirii

Wakutubi wengi wanaijua Internet Archive kwa vitabu vya zamani vilivyochanganuliwa na kwa kumbukumbu ya kurasa za wavuti, lakini hawajui kwamba mtu yeyote mwenye akaunti ya bure anaweza kupakia humo faili lake la PDF. Ni taasisi isiyo ya kibiashara, iliyoanzishwa mwaka 1996 na yenye makao yake San Francisco, na kazi yake inafanana na yetu: kupokea, kupanga, kuhifadhi na kutoa. Msomaji hufungua slaidi ndani ya kivinjari kama anayefunua kurasa za kitabu, au huzipakua bila kuulizwa jina. Hakuna matangazo ya biashara.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba fomu ya kupakia inamdai mpakiaji afanye kazi ya ukutubi. Inauliza kichwa, mwandishi, tarehe, lugha, maneno ya mada na leseni. Ukijaza lugha kuwa Kiswahili na mada kuwa elimu ya maktaba, wasilisho lako linaorodheshwa kama kitabu, na mtu mwingine anaweza kulipata kwa kuchuja lugha. SlideShare inaruhusu lebo na maelezo, lakini hayana nidhamu hiyo. Google Slides hainayo kabisa, kwa sababu haina fomu ya aina hiyo.

Kuna tahadhari tatu za vitendo. Kila kitu kinachopakiwa hupewa kitambulisho kinachokuwa sehemu ya anwani yake, na kitambulisho hicho hakibadiliki, kwa hiyo kiandikwe kwa akili, kiwe kifupi na kisichohusu mwaka mmoja ikiwa somo litaendelea kutumika. Pili, katika fomu kuna mkusanyiko wa majaribio, na kilichowekwa humo huondolewa baada ya takribani siku 30. Mkutubi anayejaribu kwa woga akauchagua huo, kisha akasambaza kiungo, atapata malalamiko mwezi unaofuata. Tatu, faili likibadilishwa ndani ya anwani ileile, mtambo huchukua muda kulichakata upya, hivyo usilisahihishe dakika kumi kabla ya kipindi.

Nayo si ngome isiyovunjika. Oktoba 2024 ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao ikawa haipatikani kwa siku kadhaa, na wote tulioitegemea tulisubiri. Kwa hiyo sisemi kwamba ukishaweka huko umemaliza. Nasema kwamba miongoni mwa hizi nne ni yenyewe tu iliyoanzishwa kwa nia ya kuhifadhi, na nia ya mwenye nyumba ina maana kubwa kwa mpangaji.

Anayedhani kwamba kampuni kubwa ndiyo salama zaidi akumbuke Docs.com, huduma ya Microsoft ambayo watu waliitumia kuweka hadharani nyaraka na mawasilisho yao, na iliyofungwa Desemba 2017. Prezi, huduma nyingine ya kutengenezea mawasilisho, nayo ina funzo, kwa kuwa mawasilisho yake ya mwanzo, yale yanayozunguka na kukaribia na kurudi nyuma, yalitegemea Flash, teknolojia iliyoacha kuungwa mkono mwishoni mwa mwaka 2020. Miondoko iliyowafurahisha watazamaji ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi kuihamisha. PDF haina miondoko, na kwa maktaba huo ni uzuri wake.

Uzito wa faili, ambao ni muhimu kuliko huduma utakayoichagua

Picha moja ya simu janja ina kati ya megabaiti tatu na tano. Slaidi 18 zenye picha moja kila moja zinaweza kufika megabaiti 70 bila mtu kutambua, ilhali picha hizo zikipunguzwa hadi kiwango kinachotosha kioo cha simu na projekta, faili zima linaweza kushuka chini ya megabaiti tano. Hakuna huduma kati ya hizi inayoweza kumwokoa msomaji anayepakua faili ambalo mwandaaji hakulipunguza. Barua pepe ya Gmail haibebi kiambatisho kinachozidi megabaiti 25, na WhatsApp, ingawa inaruhusu mafaili makubwa zaidi ya hayo kwa mbali, inajaza simu za wazazi.

Katika LibreOffice, ambayo ni programu ya bure, unapotoa slaidi kama PDF kuna sehemu ya kupunguza ubora wa picha. Chagua nukta 150 kwa inchi na ubora wa asilimia 75 au 80. PowerPoint ina amri ya kubana picha kwenye sehemu ya muundo wa picha. Kwenye Google Slides picha ni vizuri zipunguzwe kabla ya kuingizwa. Kazi hii inachukua dakika tano, na mimi huifanya kabla ya kufikiria kiungo chochote. Picha ya rafu iliyopigwa vizuri na kupunguzwa inaonyesha namba za vitabu kwa uwazi uleule.

WhatsApp yenyewe inastahili kutajwa kama mshindani wa tano, kwa kuwa kwa kweli ndiyo njia ambayo slaidi nyingi husafiri Afrika Mashariki. Faili la PDF likitumwa kwenye kundi la walimu linafika haraka, na mara nyingi bando la WhatsApp ni la bei nafuu kuliko bando la kawaida. Lakini faili lililotumwa halirekebishiki, halitafutwi na asiye mwanakikundi, na baada ya wiki mbili limezikwa chini ya salamu na matangazo ya vikao. Tuma kiungo pamoja na faili, ili mwenye haraka afungue faili na mwenye kurudi baadaye afuate kiungo.

Picha za watoto na majalada ya vitabu

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Picha ya mtoto anayetambulika usoni ni taarifa binafsi. Katika ukumbi wa maktaba, mbele ya wazazi, slaidi yenye picha za watoto wa kipindi cha hadithi ni furaha kwa wote, lakini slaidi hiyohiyo ikipakiwa SlideShare au Internet Archive inakuwa mali ya macho ya dunia, na kuifuta baadaye hakuondoi nakala zilizokwisha kupakuliwa. Natengeneza matoleo mawili: la ukumbini, na la mtandaoni ambalo lina mikono, migongo na vitabu tu. Google Slides ndiyo pekee kati ya hizi inayoruhusu kwa urahisi kumpa kiungo mtu mmoja kwa anwani yake ya barua pepe, kwa hiyo toleo la ukumbini likihitaji kupelekwa kwa mwalimu mmoja, lipite huko.

Majalada ya vitabu na kurasa zilizopigwa picha zina wenyewe pia. Hakimiliki ya maandishi katika Tanzania na Kenya huendelea kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, kwa hiyo ukurasa wa riwaya ya mwandishi aliye hai usiwekwe kwenye slaidi za umma bila idhini. Kwa kazi yetu wenyewe, tuandike kwenye slaidi ya mwisho leseni ya Creative Commons, ya aina inayoruhusu wengine kuitumia na kuibadilisha kazi, ili mkutubi wa shule jirani ajue kwamba anaweza kubadilisha jina la maktaba na kuzitumia.

Pale ambapo chaguo hubadilika

Maktaba nyingine zina slaidi ambazo si mafunzo bali ni kumbukumbu, kama vile historia ya mji, majina ya mitaa ya kale na maelezo ya wazee kuhusu soko lilivyohama. Kwa hizo ningeongeza Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti inayoendeshwa tangu mwaka 2013 na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, ambayo hutoa kwa kila kazi kitambulisho cha DOI kinachowezesha watafiti kuinukuu kama wanavyonukuu makala ya jarida. Mafaili ya rekodi iliyochapishwa huko hayabadilishwi kiholela. Sahihisho hutolewa kama toleo jipya, na la zamani linabaki. Ukali huo haufai kwa ratiba ya maktaba, lakini unafaa sana kwa simulizi ya mzee ambayo haitasimuliwa mara ya pili.

Kwa somo la Kidato cha Kwanza, utaratibu wetu sasa ni huu: walimu wanapewa kiungo cha Google Slides, na karatasi iliyobandikwa mlangoni ina msimbo wa QR unaoelekea Internet Archive, huku anwani kamili ikiandikwa chini yake kwa herufi kubwa kwa wale ambao kamera zao haziusomi. Faili la asili na PDF yake vinakaa kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye flashi iliyofungiwa kabatini, kwa sababu siku umeme unapokatika ni flashi hiyo na kompyuta mpakato ya mwalimu zinazookoa kipindi.

Akaunti zote mbili zimefunguliwa kwa barua pepe ya maktaba, wala si ya mkutubi. Niliikuta maktaba hii ikiwa imepoteza slaidi za miaka minne, kwa sababu zilikuwa kwenye akaunti binafsi ya mtumishi aliyekwisha kuhama, naye hakufanya kosa lolote. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye vingine. Sasa namba ya simu ya kurejesha nywila ni ya laini ya ofisi, na katika daftari la makabidhiano, ukurasa uleule unaoorodhesha funguo za milango, kuna mstari unaotaja kila akaunti, nani anaijua nywila yake, na tarehe ambayo ilifunguliwa mara ya mwisho.